Maji Yakichafuka Nyumba ya Mungu: Maagizo Ninayowapa Vijana Wangu

Ninauza samaki Moshi mjini, na nina mitumbwi miwili upande wa Lang'ata kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwenyewe siingii tena majini, magoti yamekataa, lakini nimekulia pale kwenye kambi ya wavuvi, na kijana hashiki kasia langu kabla hajayasikia haya. Nayaandika kwa ajili ya wageni. Jumamosi wanashuka kutoka Moshi na Arusha na fimbo zao za kuvulia na kreti ya soda, wanakodi mtumbwi saa nne asubuhi. Saa nne! Saa hiyo wenyeji wameshaanika nyavu.

Kwanza lijue bwawa lenyewe. Lilijengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani kwa ajili ya umeme, na lipo kusini mwa Moshi, mwendo wa kama kilomita 50. Kikuletwa unaleta maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu unaleta ya ziwa Jipe, yote yanaingilia kaskazini. Kutoka huko mpaka kwenye tuta, kusini, bwawa limelala kwa urefu. Huo urefu ndio wa kuuogopa. Upepo wa kusini ukishika maji unayasukuma bila kizuizi, na kadiri unavyoyasukuma mbali ndivyo mawimbi yanavyopanda. Aliye karibu na tuta anaona vijiwimbi, anasema leo kuzuri. Mwenzake wa juu kaskazini, kwa upepo uleule, anachota maji kwa mikono miwili. Halafu maji yetu sehemu nyingi si ya kina kirefu, kwa hiyo wimbi linakuwa fupi na lenye ukuta uliosimama. Mtumbwi haujamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshagonga. Wavuvi wanaotoka Tanga wakifika wanalicheka bwawa. Wiki ya kwanza tu.

Kiangazi bwawa lina ratiba, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Alfajiri maji yamelala. Jua likishaichemsha nchi kavu, kwenye saa tano au saa sita, upepo unaamka na kupanda bonde la Pangani, na haulali mpaka jioni, siku nyingine mpaka usiku. Basi kazi inafuata saa. Nyavu zinategwa jioni upepo ukishalala. Ukikataa kulala, hazitegwi, tunakula ugali na maharage. Saa kumi alfajiri vijana wanakwenda kuzitegua, na saa tatu asubuhi nataka kila mtumbwi uwe umevutwa mchangani. Mgeni wa mshipi au fimbo namwambia aingie saa kumi na mbili kukipambazuka, saa nne awe ametoka. Perege wanakula vizuri asubuhi hata hivyo, kwa hiyo hapotezi kitu isipokuwa usingizi.

Masika na vuli hakuna ratiba. Hapo unasoma mbingu, na watu wengi wanasoma pasipo. Mtu wa mjini anautazama mlima: Kibo amejifunika, basi leo mvua. Kibo anajifunika karibu kila siku mchana, haikuambii lolote kuhusu Lang'ata. Geuka utazame milima ya Upare mashariki, na upande wa Simanjiro magharibi. Wingu linalopanda juu kama koliflawa na tumbo lake limekuwa jeusi ndilo lako. Ukiona vumbi jekundu limenyanyuka nchi kavu chini ya wingu hilo, usisubiri mvua. Mvua ikinyesha ndani ya wingu inasukuma hewa ya baridi chini, hewa ikifika ardhini inatawanyika na kutangulia mbele ya mvua kwa kilomita nyingi. Ndiyo sababu upepo unakupiga wakati juu yako bado kuna jua. Majini utauona kama mstari mweusi unaokuja, na kabla yake kuna dakika chache za ukimya ambapo joto linakatika ghafla na unasikia harufu ya udongo uliolowa. Ukifika hapo huna muda wa kutegua hata wavu mmoja.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usikilize jioni kabla ya kulala. Sisi tunatajwa kwenye nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Jina linachekesha ukiwa umesimama kwenye joto la Lang'ata, lakini ndiyo sisi. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mara nyingi utasikia wakisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, na hapo wanaongelea pwani au maziwa makubwa. Usiseme hayatuhusu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama, boti za chuma zenye injini kubwa. Wewe una mbao na makasia mawili. Angalizo la mvua kubwa likitajwa kwa mikoa yetu, mitumbwi yangu hailali majini.

Sasa mtumbwi. Kabla ya kuondoka mkishapanda wote na mizigo yenu, mmoja ashushe mkono nje, apime kwa shubiri kutoka ukingo wa mtumbwi mpaka kwenye maji, pale mtumbwi ulipozama zaidi. Shubiri nzima isipopatikana, mtu ashuke. Hapana majadiliano hapo, na asiyetaka kushuka ndiye ashuke. Kumbuka mnakwenda kurudi na nyavu zilizolowa na samaki, na maji ya ndani yana uzito wake: ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na inatembea. Mtumbwi ukiinama, maji yote yanakimbilia upande ulioinama.

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi hauzami kabisa, lakini unabaki umezama mpaka kingo zake na kuviringika. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Madumu mawili matupu ya lita 20, mifuniko imekazwa, moja unalisukumia mbele kabisa na jingine nyuma, chini ya mbao za kukalia. Pitisha kamba ya manila kwenye mshikio, uzungushe kwenye ubao mara mbili, ufunge fundo ambalo likilowa halilegei. Kila dumu linabeba karibu kilo 20 ya mtumbwi uliojaa maji. Usilifunge kwa mpira wa baiskeli. Mpira unavutika, dumu linachomoka, na hapo umelipatia upepo zawadi.

Jaketi la kuokolea kila mtu avae akiwa bado mchangani, mkanda umefungwa. Nimechoka na vijana wanaolikalia. Ukishaanguka huwezi kulivaa, jaribu siku moja kwenye maji ya kiunoni uone. Asiye na jaketi haendi na mtumbwi wangu, na mgeni anayekodi kwa mtu mwingine aulize jaketi kabla ya kuuliza bei. Madumu mawili ya lita tano yaliyofungwa kifuani chini ya kwapa yamemweka mtu juu ya maji, lakini hiyo ni ya kukosa, usiifanye mazoea.

Vitu vingine: makopo mawili ya kuchotea maji, yamefungwa kamba, maana kopo la kwanza huwa linachukuliwa na wimbi. Ndoo yenye mshikio wa chuma na kamba ya mita kumi. Nanga, hata ya jiwe. Filimbi. Kasia la akiba. Simu ya kitochi yenye chaji, ndani ya kopo la plastiki la mfuniko wa kuzungusha. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata hivyo ilikuwa inavuja. Mtandao majini unakuja na kuondoka, kwa hiyo mtu wa nchi kavu ndiye muhimu zaidi: ajue mmeelekea wapi, mpo wangapi, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita anaamsha kambi kwanza, kisha anapiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya polisi. Kambi kwanza, kwa sababu kambi ina mitumbwi.

Na kisu. Kisu kidogo chenye makali, kwenye ala, kimefungwa kwa kamba kiunoni mwa kila anayeshika wavu. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linaua watu na hawaliongelei.

Upepo ukichafuka wavu ukiwa nusu ndani ya mtumbwi na nusu majini, wavu umekuwa nanga iliyofungwa ubavuni. Unauvuta mtumbwi uinamie upande uleule mnaousimamia, na mawimbi yanapanda upande huohuo. Kila mvuvi anajua kwamba hapo wavu unakatwa. Kwa nini hawakati? Kwa sababu wavu si wao. Wavu ni wa mama fulani au tajiri fulani wa mjini, kijana ameupokea kwa deni, na akirudi mikono mitupu atadaiwa wavu, atadaiwa samaki, na msimu ujao hapewi. Kwa hiyo anavuta. Anavuta mpaka mtumbwi unajaa. Mkimuuliza mtu kambini mtaambiwa ni upepo.

Basi hili nawaambia wenye nyavu wenzangu, mnaokaa Pasua na Majengo, pale Moshi mjini, na kusubiri simu ya samaki: semeni kabla. Semeni kwa mdomo, mbele ya kambi, kwamba wavu uliokatwa kwa upepo haudaiwi. Mimi nalisema kila kijana anapoanza kazi, na nalirudia kila Juni. Mmoja aliniuliza, "Mama, na nikikata kumbe upepo ungelala?" Nikamwambia, "Wavu huo pia haudaiwi." Usipomjibu hivyo, majini atakaa anapima, na hakuna muda wa kupima. Heri nusu shari.

Namna ya kukata nayo ina utaratibu. Chukua dumu tupu la lita tano lenye kamba, ambalo linatakiwa kuwa karibu na miguu yako muda wote mnapotegua. Lifunge kwenye kamba ya juu ya wavu, ile yenye maboya, upande wa majini kutoka utakapokata. Kisha kata kamba ya juu, kata kamba ya chini, achia. Dumu litaelea, na mara nyingi wavu unaupata kesho. Sehemu iliyobaki ndani ifunike kwa gunia au ikalie, isitandaze miguuni. Kama hata kufunga dumu hakuwezekani, kata tu.

Mkishakuwa huru, kila mtu ashuke chini. Magoti kwenye sakafu ya mtumbwi, mizigo katikati, hakuna kusimama hata kwa kukojoa. Kichwa cha mtumbwi kielekezwe kwenye mawimbi, kikiwa kimekwepa kidogo upande, si uso kwa uso kabisa, maana mawimbi yetu mafupi yatakiingiza kichwa ndani. Mmoja anachota maji tangu mwanzo, asingoje yafike kwenye vifundo. Ukihitaji kugeuka, usigeuke ovyo: mawimbi yanakuja kwa mafungu, makubwa kadhaa halafu madogo kadhaa, na unageuka kwenye madogo, kwa nguvu, wote mkipiga makasia upande mmoja. Kitu kibaya kuliko vyote ni kuonyesha mawimbi ubavu.

Mikono ikichoka, funga ile ndoo kwa kamba ya mita kumi kwenye kichwa cha mtumbwi na uitupe majini. Itajaa na kuvuta, na mtumbwi utageuka wenyewe kutazama upepo huku ukisukumwa polepole. Nanga pia ifungwe mbele, kwa kamba ndefu. Ikifungwa nyuma au ubavuni inaualika wimbi ndani.

Mnaelekea wapi? Nchi kavu iliyo karibu. Si kambini, si kwa mnunuzi mwenye barafu anayewasubiri, si kwenye pikipiki yako. Kama upepo umewasukuma upande wa Simanjiro, shukeni Simanjiro, mvute mtumbwi, mle samaki wa kuchoma kwa Wamasai, mrudi kesho. Nauli ya bodaboda ya kuzunguka bwawa nimeshalipa na nitalipa tena. Wengi wanaozama wanazama wakivuka kurudi nyumbani.

Ila kuna mahali pa kushuka na mahali pa kutoshuka. Matete yanavunja mawimbi vizuri, ukiingia nyuma yake maji yanatulia mara moja, na kwa sababu hiyohiyo kiboko na mamba nao wako humo. Hili halina jibu zuri. Ninachowaagiza ni kuchagua kabla: mchana, maji yakiwa yametulia, kila timu ipite ukingo na kuchagua fukwe tatu za wazi, zenye mchanga au kokoto, zisizo na njia za kiboko, yaani ule mtaro mpana uliokanyagwa unaotoka majini kwenda majanini. Mkilazimika kuingia matete, kaeni ukingoni mwake upande wa ndani, pigeni kasia kwenye ubao wa mtumbwi kwa kelele, na msijiweke kati ya kiboko na maji ya kina. Miguu na mikono ibaki ndani. Na mtazame visiki. Bwawa lilifunika miti, na maji yakipungua mwisho wa kiangazi visiki vinasogea karibu na juu, mtumbwi unaopelekwa na wimbi unavikalia kwa tumbo.

Radi nina maneno machache. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kumi, na kwa kilomita kumi tayari inaweza kukufikia, kwa hiyo unatakiwa uwe unatoka majini. Laza pondo na fimbo ya kuvulia chini, fimbo nyingi za dukani zinapitisha umeme. Ukifika nchi kavu usisimame chini ya mbuyu peke yake. Nyumba yenye kuta, au ndani ya gari, milango imefungwa. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi majini, si baada ya mvua kukatika.

Mkipinduka: toa miguu kwenye wavu kwanza, kwa kisu, kisha shika mtumbwi. Usiuache. Nchi kavu inaonekana karibu ukiwa majini, na waogeleaji wazuri ndio wanaoiamini. Mtumbwi uliojaa maji unaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Mshikane pande mbili, mmoja akipiga filimbi, mwingine akihesabu watu kwa sauti.

Julai usiku kunakuwa na baridi kuliko mgeni anavyotegemea, na aliyelowa kwenye upepo anapoteza nguvu za vidole kabla hajajua. Wanaume wanajidai kujipasha kwa gongo. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto huku mwili unalimwaga nje, na akili inakuwa ya kishujaa. Chupa ya chai ya tangawizi, sukari nyingi, na sweta kavu kwenye kopo jingine la mfuniko.

Aliyetolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkanyaga tumbo ili atapike maji, nimeona wazee wakifanya na inapoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi tano, ukiona kifua kinapanda. Hapumui bado? Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo mkibadilishana bila kusimama. Akizinduka mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, na apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu maji kwenye mapafu yanaweza kumrudi baada ya saa kadhaa.

Siku ya pili ni ya kutafuta nyavu, na hiyo nayo ina adabu yake. Baada ya mvua kubwa mito inaleta magogo na vipande vya matete vinavyoelea, na maji yamekuwa tope, kwa hiyo hakuna kwenda gizani. Mitumbwi miwili pamoja, kukishapambazuka, mnaanzia mlipokata na kufuata upande ulikokwenda upepo, mkitafuta dumu. Mara nyingi linakuwa limenasa kwenye matete ya kaskazini. Mkiliona ndani ya matete mnaliacha mpaka muhakikishe hakuna kiboko. Saa tatu ikifika hamjaliona, mnarudi. Daftari la nyavu zilizopotea ninalo mimi, na jina la kijana haliandikwi humo.